Mstari wa tano wa daftari: nusu ekari ya nyanya, Chamwino

Novemba mwaka jana baba mdogo alinipigia simu akitaka jambo moja tu, nimpigie hesabu. Anajua kazi yangu ni vitabu vya hesabu hapa Dodoma mjini, ila kwa miaka yote hajawahi kuniuliza lolote kuhusu kazi hiyo. "Nyanya nimeuza," akasema, "lakini hela siioni. Njoo uangalie, huenda nimekosea kujumlisha."

Hakuwa amekosea. Daftari lake ni la shule, lenye jedwali la kuzidisha kwenye jalada la nyuma, na limeandikwa vizuri kuliko vitabu vya baadhi ya wafanyabiashara ninaowakagua. Aliuza matenga 62, kwa wastani wa shilingi 22,000 kila moja, jumla 1,364,000. Matumizi yalikuwa na mistari sita: mbegu 60,000, mbolea 210,000, petroli ya pampu ya maji 240,000, vibarua 180,000, dawa 387,000, usafiri na ushuru 124,000. Jumla 1,201,000. Faida ikabaki 163,000.

Nilisimama kwenye mstari wa tano. Dawa peke yake ilikula karibu theluthi ya matumizi yote, kuliko mbolea, kuliko maji. Nikamwomba anieleze mstari huo ulivyoundwa, chupa kwa chupa, na kuanzia hapo nikaacha kuwa mhasibu nikawa mtu wa kuuliza maswali yasiyopendeza. Wamekubali niandike. Jina la kijiji nimeliacha, na wenyewe nitawaita baba mdogo na mama mdogo kama ninavyowaita siku zote.

Shamba liko pembeni ya korongo la mchanga. Wasiolijua eneo letu wafikirie mto usio na maji: mvua ni kati ya Desemba na Aprili, na kufika Juni korongo limekauka juu, ila ukichimba mchanga mita mbili au tatu unakuta maji. Masika watu hulima mtama, uwele, alizeti na karanga. Kiangazi, wenye pampu hulima nyanya na vitunguu kandokando ya mashimo hayo, kwa sababu ndipo hela ya ada na ya mabati inapopatikana. Mashimo hayohayo ndiyo wanayochotea maji ya kunywa, na mbuzi hunyweshwa hapohapo.

Adui aliyemtoa jasho ni kantangaze. Mdudu huyu asili yake ni Amerika Kusini. Hispania alionekana mwaka 2006, na kwetu Tanzania akaripotiwa mwaka 2014. Ni nondo mdogo wa kijivu, ukimwona hutamdhania kitu. Ubaya wake uko kwa kiwavi, anayeingia katikati ya ngozi mbili za jani na kula nyama ya ndani, akiacha baka jeupe kama karatasi iliyoloa mafuta. Baadaye hutoboa tunda. Jike mmoja huweza kutaga mayai zaidi ya 200, na kwenye joto kama letu kizazi kimoja hukamilika kwa takriban mwezi. Hapo ndipo penye mtego: sumu ya kugusa inabaki juu ya jani, kiwavi yuko ndani amejifunika. Mkulima anapiga leo, keshokutwa anaona mabaka mapya, anasema dawa haina nguvu, anaongeza kifuniko.

Kifuniko ndicho kipimo. Nilimwomba baba mdogo anionyeshe alivyokuwa akichanganya, bila kuweka dawa yenyewe. Alichukua bomba la mgongoni la lita 16, akamimina maji nusu, akaanza kuhesabu kwa kifuniko cha chupa: viwili vya wadudu, kimoja cha ile nyingine "ya kuongeza nguvu", vijiko vinne vya unga wa kuzuia ukungu, na busta, yaani mbolea ya maji ya kupulizia majani. Vyote bomba moja. Akakoroga kwa mkono hadi kwenye kiwiko. Nozeli ilipoonekana imeziba aliifungua, akaiweka mdomoni akapuliza, kisha akaniangalia akacheka, kama mtu aliyefumaniwa. Valvu ya bomba inavuja tangu mwaka juzi, hivyo kila siku ya kupiga, shati linaloa mgongoni hadi kiunoni. Alipiga mara 17 msimu ule.

Hakuna mahali lebo ilipomwambia achanganye hivyo. Lakini lebo moja ilikuwa na maandishi madogo kuliko ya Biblia ya mfukoni, na chupa nyingine, aliyoinunua mnadani, haikuwa na lebo kabisa. Ilikuwa chupa ya maji iliyojazwa kitu cha rangi ya maziwa, na mwuzaji akasema, "Hii ndiyo kiboko yao." Aliyempa ushauri wa hizo nyingine alikuwa mwenye duka la pembejeo. Simlaumu sana yule wa dukani, hata bwana shamba mwenyewe ana kata nzima na pikipiki moja. Ila tuseme ukweli: anayepima ugonjwa ndiye anayeuza dozi, na hakuna mgonjwa aliyewahi kuondoka dukani akiambiwa hahitaji kitu.

Niliomba kuona chupa tupu. Mama mdogo alizileta kwenye ndoo, zote isipokuwa moja, nitaieleza baadaye. Tukazipanga chini ya mwarobaini nikasoma jina la sumu yenyewe, lile la herufi ndogo chini ya jina la biashara. Baba mdogo aliamini amebadilisha dawa ya kantangaze mara nne. Chupa ya kwanza ilikuwa profenofosi. Ya pili, ya kampuni nyingine yenye picha nyingine na bei ya juu zaidi, ilikuwa profenofosi iliyochanganywa na sipamethrini. Ya tatu, lambda-sihalothrini, ambayo ni ndugu wa sipamethrini. Ya nne ndiyo ile ya mnadani isiyo na jina. Majina matatu, koo mbili tu, na koo hizo ni zilezile ambazo kantangaze ameshajenga usugu dhidi yake katika nchi nyingi. Hapo 205,000 zilikwenda.

Alikaa kimya kidogo akaziangalia zile chupa. "Kwa hiyo nilikuwa nampiga kwa fimbo moja, nabadilisha mkono tu."

Halafu kuna 94,000 nyingine ambazo zilinishangaza mimi. Agosti, majani yalianza kugeuka rangi ya shaba, na utando mwembamba ukaonekana chini yake. Ni utitiri mwekundu. Akanunua dawa ya utitiri, mara mbili. Alichukulia ni balaa jipya lililoletwa na upepo. Wanaojua wadudu hulieleza tofauti: sumu za ukoo wa sipamethrini huua wadudu wadogo wanaokula utitiri, na utitiri wenyewe ukiachwa bila adui huzaana kwa kasi ya ajabu wakati wa joto na ukame. Siwezi kuapa kwamba utitiri wa shamba lile ulitokana na hilo na si joto peke yake. Lakini miaka miwili nyuma, alipokuwa akipiga mara tano au sita kwa msimu, hakuwahi kununua dawa ya utitiri hata kijiko. Kwa jicho la hesabu, sehemu ya mstari wa dawa ilikuwa inalipia madhara ya dawa. Zilizobaki, 88,000, zilikuwa za ukungu, zaidi mankozebu. Umoja wa Ulaya ulikataa kuongeza muda wa kibali cha mankozebu mwaka 2020 kwa hofu ya uzazi na homoni. Kwetu ni unga wa kawaida unaopimwa kwa kijiko cha chai, na kijiko hicho nilikikuta dirishani jikoni.

Kiswahili chetu cha shambani kina ujanja wake. Dukani hawauzi sumu, wanauza dawa. Tunapiga dawa kama tunavyomeza dawa, na mtu hawezi kuogopa sana kitu chenye jina la kuponya. Sumu tulizoea kuiona ikishuka kutoka angani, ndege inapofuata kwelea kwelea kwenye mtama na uwele, na siku hizo matangazo hupita mapema: msiokote ndege waliokufa, fungieni mifugo. Bomba la mgongoni halina mpiga mbiu.

Sasa yale yasiyokuwa kwenye daftari.

Mama mdogo hakupiga dawa hata siku moja, na kwa sababu hiyo hakuna aliyemhesabu. Kazi yake ilikuwa kufunga miche kwenye vijiti na kutoa machipukizi, na huifanya asubuhi na mapema kabla ya jua. Kama jana jioni imepigwa, anaingia katikati ya majani yaliyoloa umande na dawa, kwa mikono mitupu, na khanga inafuta majani kila hatua. Jioni anafua lile shati lililoloa mgongoni, kwenye beseni moja na nguo za watoto. Julai alianza kuumwa kichwa, kichefuchefu, macho kuona ukungu, jasho bila kazi. Zahanati walimpima malaria, kipimo kikasema hana, akapewa dawa za malaria hata hivyo na vidonge vya tumbo. Shilingi 14,000. Agosti hali ilirudi pamoja na mikono kutetemeka. Bodaboda hadi kituo cha afya, vipimo zaidi, safari hii akaambiwa taifodi. Shilingi 32,000.

Mara zote mbili hakuna aliyemuuliza: mmepiga dawa lini?

Profenofosi ni ya kundi la sumu zinazozuia kimeng'enya kinachozima ujumbe kati ya neva na misuli. Kikizuiwa, ujumbe unaendelea kugonga bila kukoma: mate, machozi, jasho, tumbo kukoroga, mboni kusinyaa, misuli kurukaruka. Ikiwa kali, huua kwa kuzuia pumzi, na hospitali hutumia atropini kuitibu. Ikiwa kidogokidogo, inafanana na malaria kiasi kwamba mhudumu aliyezoea malaria hawezi kuona kitu kingine. Hakuchukuliwa kipimo cha damu cha kuthibitisha, kwa hiyo naandika kama ilivyo: dalili zilikuja ndani ya siku moja au mbili baada ya tarehe za kupiga zilizo kwenye daftari, mara zote mbili, na hazijarudi tangu aache kuingia shambani asubuhi baada ya kupigwa. Tarehe hizo tulizilinganisha yeye na mimi, kadi yake ya kliniki mkono mmoja na daftari mkono mwingine. Alisema tu, "Kumbe ilikuwa imeandikwa."

Siku tisa alizolala walimweka kibarua kwa 5,000 kwa siku. Hizo 45,000 zilikuwepo kwenye daftari, ila zilijificha ndani ya mstari wa vibarua.

Kisa cha nyuki kilifika kwa mwenyekiti wa kitongoji. Mzee jirani ana mizinga 14 ya magogo, imetundikwa kwenye mibuyu ng'ambo ya korongo. Nyuki hawafuati ua la nyanya, hawalipendi sana. Kiangazi wanachotafuta ni maji, na maji ya wazi kijiji kizima yako kwenye matuta ya bustani. Unawaona saa tatu asubuhi wamejipanga kwenye tope la mfereji, wamekaza miili, wanakunywa. Baba mdogo alikuwa anapiga saa hizohizo kwa sababu upepo bado umetulia, na bomba linalovuja linadondosha mle mfereji unamopita. Mwishoni mwa Agosti mzee alikuta nyuki waliokufa wametapakaa chini ya mizinga sita. Alikuja na kopo lililojaa, akaliweka mbele ya mwenyekiti bila kusema neno.

Hakukuwa na maabara wala shahidi. Wazee waliuliza nani alipiga, lini, saa ngapi, na baba mdogo akajibu kweli. Alitoa mbuzi mmoja. Sokoni angepata kama 80,000. Mwenye matikiti upande wa pili, ambaye maua yake yanategemea nyuki walewale, hakulipwa na mtu, na mwaka ule alilalamika kwamba matunda yake yamepinda na ni machache. Nyuki wachache huleta hasa hali hiyo kwenye matikiti, lakini pia maji kidogo huileta. Namwacha hapo.

Chukua 163,000 za faida, toa 46,000 za matibabu na mbuzi wa 80,000. Inabaki 37,000 kwa miezi mitano ya watu wawili. Na ukitaka gharama halisi ya mstari wa tano, jumlisha 387,000, 46,000, 80,000 na zile 45,000 za kibarua: 558,000. Hapo sijaweka shimo la maji alikokuwa akisuuzia bomba, kwa kuwa sijui niliandike kwa bei gani.

Wala sijaweka walaji. Kuna siku, katikati ya Septemba, dalali alipiga simu kwamba bei mjini imepanda, gari litafika alfajiri. Baba mdogo alikuwa amepiga jana yake. Lebo ya ile profenofosi ilisema subiri siku 14 kabla ya kuvuna. Walivuna usiku kwa tochi, matenga manane, yakaingia sokoni asubuhi. Nilimuuliza kama alijua. Hakunijibu. Mama mdogo ndiye aliyesema, akionyesha kwa kidevu nyuma ya nyumba: "Za kula wenyewe ziko kule."

Nikaenda kuziona. Mistari mitatu nyuma ya jiko, inamwagiliwa kwa maji ya kuoshea vyombo, majani yana mabaka, matunda madogo, baadhi yametobolewa. Hazijawahi kupigwa kitu. Mimi hununua nyanya sokoni Majengo, na nilisimama pale nikikumbuka kachumbari nilizokula Septemba ile.

Ile chupa iliyokosekana kwenye ndoo niliikuta jikoni siku ya kuondoka. Ilikuwa na mafuta ya alizeti. Imeoshwa kwa sabuni na majivu, alisema mama mdogo, mara nyingi. Plastiki hunyonya sumu na haiitoi kwa sabuni. Chupa ya dawa husuuzwa mara tatu, maji hayo yakirudishwa kwenye bomba, kisha hutobolewa ili isitumike tena. Nilimwomba anipe, nikamwachia ya kwangu ya maji. Alimwaga mafuta yale kwa uchungu mkubwa kuliko alivyosikitikia taifodi, na nilimwelewa, lita ya alizeti si mchezo.

Msimu wa mwaka huu wamefanya tofauti kidogo, na naandika kidogo kwa makusudi. Nyanya wamehamishia palipokuwa na vitunguu, mbali na mabiringanya na masalia ya mwaka jana ambako kantangaze hujificha. Waliweka mitego ya feromoni, harufu ya jike inayovuta nondo dume, juu ya mabeseni ya maji ya sabuni, na asubuhi baba mdogo anahesabu nondo walioanguka kabla ya kuamua kama kuna haja ya kupiga. Majani yenye viwavi wanayachuma na kuyafunga kwenye mfuko mweusi juani. Kama ni kupiga, ni jioni nyuki wakisharudi, kwa dawa yenye lebo na namba ya usajili. Kwa Sheria ya Afya ya Mimea ya mwaka 2020 anayesajili viuatilifu, yaani hizi dawa za shambani, ni TPHPA, Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu, iliyochukua nafasi ya TPRI, iliyokuwa taasisi ya utafiti wa viuatilifu kule Arusha. Ukanda wa rangi chini ya lebo ameuelewa haraka kuliko nilivyotarajia: mwekundu ni sumu kali kabisa, kisha njano, buluu, na kijani mwisho. Valvu ya bomba ilitengenezwa kwa 4,000. Alijaribu pia mbegu za mwarobaini zilizotwangwa. Zinasaidia kwa viwavi wachanga, jua la Dodoma huziharibu upesi hadi inabidi kurudia, na wanaosema mwarobaini tu unatosha hawajalima nyanya mwezi Agosti.

Hadi wiki iliyopita amepiga mara nane. Dawa imemgharimu 142,000, mitego 60,000.

Wiki hiyohiyo dalali alipiga simu. Bei 30,000 kwa tenga, gari alfajiri. Matenga 11 yalikuwa tayari kwenye miche, na dawa ya mwisho, yenye siku saba za kusubiri, ilikuwa na siku nne. Baba mdogo akamwambia aje Jumanne. Dalali akasema sawa mzee, akapakia kwa jirani. Jumanne bei ilikuwa 24,000.

Kwenye daftari la mwaka huu kuna mstari wa saba. Ameuandika mwenyewe, kwa kalamu ileile ya buluu: "Kusubiri, 11 × 6,000 = 66,000." Kisha akanipigia kuuliza hiyo inaingia upande gani, wa matumizi au wa hasara, na mpaka sasa sijamjibu.